Mtoto kakata 6 na 6 kwenye 16/64, kabakiwa na 1/4, kapewa vema. Nimweleze nini?

MamaDaftari
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama na hesabu za darasa la tano, msinicheke.

Jana usiku nilikuwa nakagua daftari la kijana wangu, zoezi la kurahisisha sehemu. Swali la kwanza ni 12/18. Kaandika 6/9, kapigwa kosa. Nikashuka hadi swali la nne, 16/64. Hapo kapiga mstari juu ya 6 ya kwenye 16, kapiga mwingine juu ya 6 ya kwenye 64, zikabaki 1 na 4. Jibu 1/4. Kapata vema, tena kubwa.

Nikamwita. "Baba, hii umefanyaje?" Akasema, "Nimekata zinazofanana, juu na chini." Nikamwambia hesabu haziendi hivyo. Akanijibu, "Mbona jibu ni lenyewe?" Nikachukua kikokotoo, 16 gawanya kwa 64, ikatoka 0.25. Robo kabisa. Nikakosa la kusema, nikamwambia akalale.

Sasa naomba mnisaidie. Huu ukataji wa tarakimu ni kosa, au ni mimi nimesahau shule? Na ile 6/9 ina ubaya gani, wakati 12/18 na 6/9 ni kitu kilekile?

KitiChaNyuma
Huyo dogo ana bahati ya mtende. Mimi nilikuwa nakata hivyohivyo, ila zangu zote zilikuwa makosa.

Kigawo17
Mama, usimgombeze. Kapenya kwenye ufa wa ukuta akadhani ni mlango.

Mpe 12/24. Kwa njia yake atakata 2 na 2, zitabaki 1 na 4, atasema robo. Lakini 12 ni nusu ya 24, hilo analijua hata usingizini. Ukishampa, nyamaza. Mwache ahangaike nalo mwenyewe dakika mbili tatu.

Akishakwama, mwonyeshe zile tarakimu ni nini. 6 ya kwenye 16 ni mamoja sita. 6 ya kwenye 64 ni makumi sita, yaani sitini. Kafuta sita juu, kafuta sitini chini, kaona amefuta vitu viwili vinavyolingana. Vinafanana mwandiko tu.

Sasa njia halali. 16 ni 1 × 16, na 64 ni 4 × 16. Kwa hiyo 16/64 ni 1/4 mara 16/16. Na 16/16 ni moja. Kitu ukikizidisha kwa moja hakibadiliki, ndiyo maana una ruhusa ya kuiondoa hiyo moja na kubaki na 1/4. Kurahisisha sehemu ni hicho tu: ndani ya ile sehemu kuna moja imejificha, unaitafuta, unaitoa nje.

Ile 6/9 sasa. Thamani yake ni sahihi, kijana hajaongopa. Kilichotokea ni kwamba ameitoa moja (2/2) akaiacha nyingine ndani. 6 na 9 bado zote zinagawanyika kwa 3. Ukiitoa 3/3 unapata 2/3, na hapo 2 na 3 hazina tena kigawo cha shirika zaidi ya 1. Swali likisema "rahisisha hadi mwisho", 6/9 ni njiani, hajafika.

Witiri
Kuna jambo tamu kuhusu hiyo 16/64. Mtoto hajui kama kaangukia kitu adimu.

Chukua sehemu zote zenye tarakimu mbili juu na mbili chini, ya juu ndogo kuliko ya chini, na tarakimu ya mwisho ya juu iwe sawa na ya kwanza ya chini. Kata zile zinazofanana. Ziko nne tu ambazo zinakupa jibu sahihi:

16/64 = 1/4
19/95 = 1/5
26/65 = 2/5
49/98 = 4/8, ambayo ni 1/2

Basi, hakuna ya tano. Anayetaka kuhakikisha: ziite tarakimu a, b, c. Juu ni 10a + b, chini ni 10b + c, na unataka jibu liwe a/c. Ukipanga vizuri inakuja 9ac = b(10a − c). Jaribu a moja moja kuanzia 1 hadi 9, utaona zinapukutika zote isipokuwa hizo nne. Kwa 16/64: 9 × 1 × 4 = 36, na 6 × (10 − 4) = 36. Imekaa.

Halafu cheka na hii. 166/664 nayo ni 1/4. 1666/6664 nayo ni 1/4. Ongeza 6 juu na chini kadiri unavyotaka, mchezo unaendelea. 19/95 nayo hivyohivyo: 199/995 ni 1/5.

MamaDaftari
@Kigawo17 nimempa 12/24 asubuhi hii. Kakata, kaandika 1/4, kaiangalia. Kaiangalia tena. Kisha akasema, "Mama, hii imekataa." Nikanyamaza kama ulivyosema. Akafuta.

@Witiri hizo nne nimempa pia, sasa anajiona kagundua dhahabu. Sijui kama umenisaidia au umeniharibia.

Mwl_Chaki
Niwatetee kidogo walimu wenzangu kabla hamjaanza. Madaftari yakiwa rundo, jicho linakimbilia jibu la mwisho. 1/4 ni sahihi, vema, fungua daftari lingine. Mimi mwenyewe lazima nimeshapitisha za namna hiyo. Tangu nilipozijua hizo sehemu nne, siziweki kabisa kwenye zoezi. Nikiziweka, nataka mtoto aandike mstari wa kati: amegawanya kwa ngapi juu na kwa ngapi chini.

Na nadhani tatizo linaanza kwenye neno letu "kukata". Tunasema "kata na kata" huku tunapiga mstari, mtoto anaona mistari, haoni mgawanyo. Nikifundisha sasa sipigi mstari wiki yote ya kwanza. Naandika ÷2 juu, ÷2 chini. Inachosha mkono, lakini mtoto anaona kinachotendeka.

AsiliNaKiasi
@Mwl_Chaki umenena. Na "kupunguza sehemu" nalo ni neno linalopotosha. Kuna mtoto nilimfundisha aliyekuwa anaamini 2/3 ni ndogo kuliko 12/18, "kwa sababu imepunguzwa". Tarakimu zimepungua, sehemu haijapungua hata chembe. "Kurahisisha" lina afadhali.

NusuRobo
Nichangie upande wa lugha. Majina yetu ya zamani ya sehemu yanajirahisisha yenyewe. Tuna nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Hizo ni moja ya mbili mpaka moja ya kumi. Sasa nani umewahi kumsikia akisema "robo mbili"? Atasema nusu. "Sudusi mbili"? Atasema thuluthi. "Thumuni sita" ni robo tatu. Mdomo unatafuta jina fupi bila kufundishwa.

Saa ndiyo kabisa. Dakika 15 kati ya 60 ni 15/60, lakini tunasema "na robo". Ikibaki 15/60 tunasema "kasorobo". 30/60 ni "na nusu". Mtoto anayejua kusoma saa ameshazoea kugawanya kwa 15 na kwa 30, hajaambiwa tu kwamba ile ni hesabu. Mama, muulize dakika 20 ni sehemu gani ya saa. Akisema 20/60, mwambie aipe jina moja.

Kikokotoo_Kwanza
Samahani kwa kuharibu sherehe. Kwa nini tunawatesa watoto na hii kitu? Mashine inafanya kwa kufumba na kufumbua. 12/18 na 2/3 ni namba ileile, mwenyewe mmekubali. Mimi nilinyimwa alama zaidi ya mara moja shuleni kwa kuandika 6/8 badala ya 3/4, na mpaka leo sioni nilichokosea.

Kigawo17
@Kikokotoo_Kwanza kama swali halikusema "rahisisha", nakuunga mkono, hukukosea. Kuna mahali nisingependa hata kidogo mtu arahisishe. Rusha dado mbili: uwezekano wa jumla kuwa 7 ni 6/36, wa kuwa 8 ni 5/36, wa kuwa 9 ni 4/36. Ziache hivyo, unalinganisha kwa jicho moja. Ukizirahisisha zinakuwa 1/6, 5/36 na 1/9, umejifunga kamba mwenyewe.

Lakini mashine haikusaidii kuona. Niambie haraka: 57/76 na 87/116, ipi kubwa?

Kikokotoo_Kwanza
Ngoja nichukue simu.

...

Zote 0.75. Sawa, umenipata.

Kigawo17
Zote ni 3/4. Ya kwanza ina 19 ndani, ya pili ina 29. Sehemu mbili zikiwa sawa, umbo lao la mwisho ni moja tu, hakuna mawili. Ndiyo faida yake: kila thamani inakuwa na jina moja, na usawa unauona badala ya kuukokotoa.

KitiChaNyuma
Sasa hizo 19 na 29 mnazionaje? Mimi nikiona 57 najua ni tasa, basi.

Witiri
57 si tasa mkuu, 5 + 7 = 12, inagawanyika kwa 3. Ni 3 × 19. Ziko namba zinazojifanya tasa na zimewaangusha wengi: 51 (3 × 17), 57, 87 (3 × 29), 91 (7 × 13), 119 (7 × 17), 133 (7 × 19), 143 (11 × 13), 221 (13 × 17). Ukizijua hizo kwa sura umepona nusu ya maradhi.

MzeeWaKanuni
Mnazunguka mbuyu. Njia ni moja: tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, gawanya juu na chini mara moja, umemaliza. 12 ni 2 × 2 × 3, 18 ni 2 × 3 × 3, KKS ni 2 × 3 = 6, jibu 2/3. Hizi za kugawanya kwa 2, halafu kwa 3, halafu tuangalie tena, ndizo zinazozaa watu wa 6/9.

Mwl_Chaki
Mzee, kwa heshima, sikubaliani. Kwa mtoto wa darasa la tano, kutafuta KKS ya 84 na 126 kwa namba tasa ni hesabu nyingine nzima juu ya hesabu aliyonayo. Agawanye kwa 2 apate 42/63, aone 3, apate 14/21, aone 7, apate 2/3. Hatua tatu ndogo anazoziamini. Kosa la 6/9 halikutokana na hatua ndogo, limetokana na kuacha kuuliza "bado zinashirikiana?"

Na mwisho wa yote 2 × 3 × 7 ni 42, ambayo ndiyo hiyo KKS yako. Kaipata bila kujua.

MzeeWaKanuni
Na akipewa 221/299? Atajaribu 2, hapana. 3, hapana. 5, hapana. 7, hapana. 11, hapana. Atasema imeshaisha. Hatua zako ndogo zimekufa hapo.

Pembe4
Hapo ndipo patamu, wote wawili mna kitu mmekisahau. Hii nitaiandika kwa urefu maana ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na inashangaza haifundishwi mapema.

Anza na wazo dogo. Kama namba fulani inagawanya 221 bila baki, na inagawanya 299 bila baki, lazima igawanye na tofauti yao. Haina pa kukwepea. Fikiria vipande vya kamba vinavyolingana: kamba moja imejaa vipande kamili, nyingine imejaa vipande kamili, ukiweka moja juu ya nyingine kile kinachozidi nacho ni vipande kamili.

299 − 221 = 78. Kwa hiyo chochote kilichojificha ndani ya zote mbili kimo ndani ya 78. Na 78 ni 2 × 3 × 13. Huna haja ya kujaribu 7, 11, 17 wala 19. 2 haimo kwa sababu 221 ni witiri. 3 haimo, 2 + 2 + 1 = 5. Imebaki 13. 221 ni 13 × 17, 299 ni 13 × 23. Jibu 17/23.

Angalizo: tofauti inakupa watuhumiwa, haikupi mwenye hatia. 143/187, tofauti ni 44, ambayo ina 2 na 11. 2 imesingiziwa. 11 ndiyo: 13/17.

Na kama tofauti yenyewe ni kubwa na huioni ndani? Toa tena. Chora mstatili wa urefu 91 na upana 49. Unataka kuujaza kwa miraba inayolingana, mikubwa kadiri inavyowezekana, bila kukata hata mmoja. Kwanza kata mraba wa 49 kwa 49. Umebaki na ukanda wa 42 kwa 49. Kata mraba wa 42 kwa 42. Umebaki na kijiukanda cha 42 kwa 7. Hicho kinajaa miraba sita ya 7 kwa 7, hakibaki kitu. Basi mraba wa 7 unajaza mstatili wote: 13 kwa urefu, 7 kwa upana. Na 49/91 ni 7/13. Mtoto anaweza kuliona hili kwenye karatasi ya miraba bila kutamka neno KKS.

Njia hii ni ya kale sana. Mgiriki Euclid aliiandika karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, iko mwanzoni kabisa mwa kitabu cha 7 cha Elements. Na hiyo 49/91 sikuitunga mimi, ni swali lililomo kwenye kitabu cha kale cha Wachina kiitwacho Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, ambacho kina umri wa karibu miaka 2,000. Kanuni yao ilikuwa hivi: kama zote zinagawika nusu, zigawe nusu. Kama hazigawiki, toa ndogo kwenye kubwa, rudia kwa kupokezana mpaka zilingane. Ile namba waliyolingania ndiyo ya kugawanyia. Fanya uone: 91 na 49, 42 na 49, 42 na 7, 35 na 7, 28 na 7, 21 na 7, 14 na 7, 7 na 7.

Badala ya kutoa 7 mara nyingi unaweza kugawanya na kuchukua baki, ni kitu kilekile kwa haraka. Mwaka 1844 Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha kwamba hatua za kugawanya hazizidi mara 5 ya idadi ya tarakimu za namba ndogo. Namba ndogo ikiwa na tarakimu tatu, hatua 15 ndizo mwisho, na mara nyingi hazifiki hata nusu yake.

MzeeWaKanuni
Hii ya tofauti nimeipenda. Narudisha upanga alani.

KitiChaNyuma
"2 imesingiziwa" 😂😂

Kwa hiyo namba zikifuatana, kama 8/9 au 56/57, tofauti ni 1, hakuna mtuhumiwa hata mmoja?

Pembe4
Hakuna. Umejirahisishia maisha. 999/1000 imeshafika mwisho, huna haja ya kuigusa.

Na wazo lako hilohilo ndilo lililojibu swali la kwanza kabisa la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959. Walitakiwa kuthibitisha kwamba (21n + 4)/(14n + 3) hairahisishiki kamwe, n ikiwa namba yoyote ya kuhesabia. Zidisha ya chini kwa 3: 42n + 9. Zidisha ya juu kwa 2: 42n + 8. Tofauti ni 1. Kwisha habari.

KitiChaNyuma
Yaani mimi ningeshiriki Olimpiadi??

Witiri
Ya 1959, swali la kwanza, ndiyo. La pili usiulize.

NjiaPanda_F2
Jamani naomba nidandie uzi. Niko sekondari. Mbona (x + 3)/(x + 5) hairuhusiwi kukata x? Ziko juu na chini, zinafanana kabisa, na si za makumi na mamoja. Nimekata nikapata 3/5, nimekosa.

AsiliNaKiasi
Ni ugonjwa uleule wa 16/64, umevaa shati jingine. Weka x = 1. Juu 4, chini 6, ni 2/3. Si 3/5.

Kinachoondoka ni kile kinachozidisha kila kilichoko juu na kila kilichoko chini. x kwenye x + 3 imejumlishwa, haijazidishwa. Ila ingekuwa (2x + 6)/(2x + 10), toa 2 nje ya mabano: 2(x + 3)/2(x + 5). Hiyo 2 inazidisha mabano yote juu na yote chini, inaondoka. Inabaki (x + 3)/(x + 5), na hapo umefika.

Nami napenda kuwauliza wanafunzi: kabla hujapiga mstari, soma kwa sauti alama iliyo jirani na hiyo unayotaka kuikata. Ukisema "jumlisha" au "toa", weka kalamu chini.

NjiaPanda_F2
Mwalimu, hapo nimeelewa. Na kwenye kuzidisha sehemu, tukate kabla au baada?

AsiliNaKiasi
Kabla, siku zote. 14/15 × 25/21. Ukizidisha kwanza unapata 350/315, halafu unaanza kuhangaika. Ukikata kabla: 14 na 21 zina 7, zinabaki 2 na 3. 25 na 15 zina 5, zinabaki 5 na 3. Juu 2 × 5, chini 3 × 3, jibu 10/9. Kukata mshazari kunaruhusiwa hapo kwa sababu ukishazidisha, vyote vya juu vinakuwa kiasi kimoja na vyote vya chini asili moja. Kwenye kujumlisha sehemu usithubutu.

Na 10/9 imeshafika mwisho kama sehemu guni, yaani ya juu kubwa kuliko ya chini. Kuigeuza kuwa 1 na 1/9 ni kazi nyingine, usizichanganye.

Kikokotoo_Kwanza
Nimerudi. Nilikuwa na kanuni nimeikariri, kwamba asili ikiwa na kigawo tasa kingine zaidi ya 2 na 5, desimali haikomi. Sasa 21/35 ina 7 kwenye asili, lakini kikokotoo kinasema 0.6, imekoma. Kanuni ni mbovu?

Witiri
Kanuni ni nzima, umeisoma nusu. Inasema asili ya sehemu iliyokwisha kurahisishwa. 21/35 ni 3/5, ile 7 ilikuwa mgeni tu, juu na chini. Ndani ya 3/5 imebaki 5 peke yake, desimali inakoma. 3/7 ndiyo haikomi, 7 imekaa chini peke yake na hakuna wa juu wa kuitoa.

Unaona sasa? Ulikuwa unauliza kurahisisha kuna faida gani. Kuna maswali ambayo sehemu haiwezi kuyajibu mpaka uivue nguo za ziada.

Kubwa kuliko yote ni kipeuo cha pili cha 2, yaani √2, kwamba haiwezi kuandikwa kama sehemu. Tuseme inaweza, na sehemu hiyo tumeirahisisha hadi mwisho, p/q. Basi p² = 2q², kwa hiyo p ni shufwa, iite 2k. Basi 4k² = 2q², yaani q² = 2k², kwa hiyo q nayo ni shufwa. Lakini tulisema zimefika mwisho, haziwezi zote mbili kugawanyika kwa 2. Hoja nzima imesimama juu ya neno "hadi mwisho". Liondoe, inaanguka.

NusuRobo
Swali la uvivu: nikiandika sehemu yoyote tu bila kufikiri, kuna uwezekano gani kwamba haihitaji kurahisishwa?

Pembe4
Karibu asilimia 61. Kwa usahihi zaidi, kadiri namba unazochagulia zinavyokuwa nyingi ndivyo uwezekano unavyokaribia 6 gawanya kwa π², ambayo ni kama 0.608. Nini kimeileta π kwenye namba za kuhesabia, hiyo inataka uzi wake.

Kwa mkono unaweza kuona dalili zake. Dado mbili, moja ni kiasi, nyingine ni asili: kati ya jozi 36, zisizorahisishika ni 23. Ukitumia namba 1 hadi 10, jozi 100, zisizorahisishika ni 63. Na 23/36 yenyewe hairahisishiki, wala 63/100. Hiyo haina maana yoyote, imenifurahisha tu.

Mwl_Chaki
Mazoezi ya vitabuni yanadanganya basi. Kila swali linarahisishika, mtoto anajifunza kwamba lazima kuna kitu cha kukata, asipokiona anakitengeneza. Wiki ijayo nachanganya nyingine ambazo zimeshafika mwisho, jibu lake liwe "imeisha".

MamaDaftari
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Ya tofauti ameichukua kama mchezo, hata KKS haitaki tena. Nikimpa sehemu, kabla ya yote anatoa ndogo kwenye kubwa pembeni ya ukurasa, kisha anauliza "watuhumiwa ni nani". Sikumfundisha mimi hilo neno, kasoma huu uzi begani kwangu.

Dakika 20 alisema "thuluthi" bila kusita. Halafu akaniuliza dakika 25 zinaitwaje. Nikasema 5/12. Akataka jina. Sina.

Pembe4
Mwambie wahenga waliishia ushuri, hapo ajitegemee.

Mpe hii kwa niaba yangu, bila kikokotoo: 3007/3201.

MzeeWaKanuni
Unamwonea mtoto.

KitiChaNyuma
Mtoto gani, mimi mwenyewe nimeitazama nikafunga simu.

MamaDaftari
Kaimaliza baada ya kuoga. Nanakili karatasi kama ilivyo:

3201 − 3007 = 194
194 = 2 × 97
2 hapana (3007 ni witiri)
97 × 31 = 3007
97 × 33 = 3201
31/33
33 − 31 = 2, 2 hapana tena. imeisha

Chini yake kachora 16/64, tofauti 48, akaandika "hii niliiba".